Ubavu wa Kiberiti

Juzi, katika saluni moja ya Gatina, msichana wa kucha alinishika mkono akachagua tupa. "Zako ni nyepesi, madam. Hii ya kukwaruza itazipasua. Wacha nitumie hii laini."

Nilicheka. Utotoni, kule Mashimoni, anti alinisugulia kucha kwenye ubavu wa kiberiti, kwaru kwaru, mpaka harufu ya baruti ikanijaa puani. Nilijua kidole kitawaka kama njiti. Wala sikuogopa! Aliponiachilia tu, nilikimbilia stovu, nikagusa utambi kwa kidole na kungoja moto.

"Mwende, unafanya nini?"

"Nakuwashia ya chai, anti!"

Msichana alimaliza kidole cha kwanza. Nikakipuliza upesi.

"Mbona unapuliza, madam? Hata rangi bado sijapaka."