Okei ya Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa mkaguzi wa sare kwenye karakana ya ushonaji tuliyofanyia kazi wote, na sijawahi kuteswa na mtu kama yeye. Kila shati lilipita mezani kwake. Aliligeuza ndani nje, akauvuta mshono wa kwapa kama anayetafuta ugomvi, na likinusurika ndipo akaligonga muhuri wake: OKEI. Likishindwa, alifunga uzi mwekundu kwenye kifungo cha juu na kulirudisha kimya. Sheria ya uzi mwekundu ilikuwa moja: aliyeshona ndiye anayefumua, kwa mkono wake, na hakuna wa kumsaidia. Mimi, mtoto wa dada yake, nilifumua kuliko wote. Eti undugu hauzuii kwapa kuchanika.

Watu walimwita Mama Okei, kwa kumwogopa. Laiti wangemwona nyumbani. Nilikuwa naishi kwake, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Neno lile lile alilolibania kazini, nyumbani alilimwaga tu. Mumewe akisema chai imepoa, "okei," maana yake naipasha. Watoto wakigombana, "okei, okei," yaani nyamazeni. Wifi yake akipiga simu kusema watu, alimsindikiza kwa okei arobaini huku anachambua mchele, na hata moja haikuwa ya kukubali. Kulikuwa pia na ile ya kuvuta, "okeeei," ya kumwambia mtu kwamba uongo wake umeonekana. Baba mdogo hakujisumbua na tofauti hizo. Kwake zote zilikuwa ndiyo.

Mama mdogo alikuwa na kitu kimoja tu cha kwake pale ndani: chumba cha uani, chenye dirisha kubwa, alikoweka cherehani yake. Alibakiza miezi minne astaafu. Baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua nguo za wengine, alitaka kushona zake, na tayari bibi harusi mmoja alikuwa ameshapimwa.

Jumamosi moja mchana tukarudi kutoka kazini, tukakuta cherehani barazani, imefunikwa shuka. Chumbani kuna kitanda, na juu yake yuko shemeji yake, mdogo wa baba mdogo, keshavua viatu.

"Nimempa chumba kwa muda," akasema baba mdogo. "Nilijua huna neno. Okei?"

Mama mdogo akaitazama cherehani, akakitazama kitanda. "Okei," akasema. Roho iliniuma, na nikamkasirikia yeye kuliko wao.

Kisha akafungua mkoba, akatoa uzi mwekundu, akaufunga kwenye kitasa cha mlango, mafundo mawili. Akaenda barazani, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akakunja mikono.

"Ndiyo nini hii?" akauliza baba mdogo.

Nilimweleza mimi, tena kwa raha zangu. "Imerudishwa, baba mdogo. Aliyeshona anafumua mwenyewe."

Akacheka, akamngoja mkewe naye acheke. Akangoja sana. Saa ya chakula ikafika, jiko limepoa, mkewe hajainuka. Mwishowe baba mdogo akakunja mikono ya shati, akaanza kuburuta kitanda. Mdogo wake akasimama kumshikia upande wa pili.

"Shemeji, kaa," akasema mama mdogo, kwa upole kabisa.

Basi mzee wa watu akakitoa kitanda peke yake, akairudisha cherehani peke yake, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Mama mdogo akaja, akaitikisa meza ya cherehani. Mguu mmoja ulicheza. Akaunyooshea kidole. Baba mdogo akapiga magoti, akakunja gazeti, akaliweka chini yake. Mama mdogo akatikisa tena.

"Okei?" akauliza baba mdogo kutoka kule sakafuni, na safari hii akangoja jibu.

"Kiti changu bado kiko barazani," akasema mama mdogo.

Baba mdogo akaenda kukileta.