Niliitikia Kwamba Tindikali Imepoa

Mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na maneno mengine nitakuwa nimeyakosea. Ningemwomba mtu aniandikie, lakini ingebidi nimsimulie kwa mdomo, na hilo siliwezi.

Nilikuwa naosha vyombo katika maabara moja ya udongo hapa Morogoro. Fundi wa maabara alikuwa na umri wa baba yangu. Nikimwamkia, aliitikia, "Marahaba, binti. Leo tunapika udongo wa kwenu." Kwetu ni milimani, Uluguru, na udongo mwingi ulitoka huko. Alitia udongo kidogo katika kila chupa ndefu ya kioo, akaongeza tindikali kali, kisha akazipanga kwenye jiko la chuma lenye matundu, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta moshi. Zilichemka saa kadhaa mpaka weusi uishe. Baada ya hapo ndipo nitrojeni, chakula cha mimea kilichomo udongoni, ilipoweza kupimwa.

Alinifundisha kuzitoa: koti, glavu ndefu, miwani ya kinga. Jambo moja alilirudia kila mara. Chupa zikitoka motoni ziachwe zipoe, ndipo zitiwe maji kidogo kidogo. Maji yakikutana na tindikali ya moto, inamrukia mtu.

Wiki moja nilizitoa mapema. Mbili zilikuwa bado za kahawia, ikabidi kazi irudiwe. "Mume wa huyu atakula maharage mabichi," akawaambia wanafunzi waliokuwapo. Walicheka, naye alicheka bila ubaya. Mimi mchana ule nilishindwa kula.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kuswali. "Zikiwa safi, zitoe. Nikirudi nataka ziwe zimepoa." Zilikuwa safi mapema, lakini niliogopa kukosea tena. Nikasema nisubiri kidogo, halafu kidogo tena. Nilipozitoa, hata dakika kumi hazikupita nikasikia viatu vyake mlangoni. Tindikali ikishaacha kutoa moshi, kwa macho huwezi kujua kama bado ni ya moto.

Siku zote alisogeza mkono karibu na chupa kusikia joto. Siku hiyo aliniuliza tu.

"Zimepoa?"

Ningesema, "Bado, baba," angenitania, basi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Umezitoa zamani?"

"Zamani."

Akapandisha miwani ya kinga kwenye paji la uso ili aone vizuri alama ya kipimo, akamimina maji. Chupa ya kwanza ilinguruma, tindikali ikamrukia usoni.

Nilimvuta hadi kwenye bomba, nikamwagia jicho maji, mengi, bila kuacha, mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika. Maji yakimtiririka shingoni, yeye alikuwa ananiuliza, "Wewe hujaguswa?"

Jicho la kushoto halikurudi kuona vizuri. Mkuu wa maabara alipouliza ilikuwaje, fundi alijibu, "Kosa langu. Nilipandisha miwani." Nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yangu.

Baadaye aliacha kazi, kwa kuwa alama ndogo zilimshinda kusoma. Sasa analima karibu na Mkuyuni. Nimekwenda kumwona mara mbili na kilo ya sukari, kila mara nikikusudia kusema. Mara zote mbili aliwaita majirani. "Huyu ndiye binti aliyeniokoa," akawaambia. "Asingekuwa yeye na maji yake, ningekuwa na chongo kabisa." Nilikaa kwenye mkeka nimeinamisha kichwa, wakanisifu kwamba nina adabu.

Anajilaumu kwa miwani, na ni kweli aliipandisha. Lakini aliniuliza kwanza, na jibu langu ndilo alilolifuata. Kwamba jibu lile lilikuwa la uongo, hajui, na mwingine wa kumwambia hayupo.

Baada ya mavuno nitakwenda tena. Wewe unayesoma, kama uliwahi kumwambia mkubwa wako kweli iliyochelewa, tafadhali niandikie kabla sijaenda. Nieleze ulianza kwa neno gani.