Lugha Yetu ya Siri

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na jana mezani umenirudisha pale pale. Ulimwambia mumeo kwamba ruhusa ya Grace, mtumishi wetu, kwenda kwao ingoje mpaka harusi ya mdogo wako ipite, ingawa mama yake kule Uganda amelazwa hospitali. Kiswahili Grace anakijua, ndo maana ukakimbilia Kiarabu, naye yuko hapo hapo anakusanya sahani.

Hebu kaa nikwambie. Simu iweke chini, haitokimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naolewa, na kichwa kimenivimba. Tunakaa hapa hapa Sib, Omani, nyumba hii hii kabla babu yako hajaiongeza ghorofa. Jikoni alikuwepo Mallika, mwanamke wa Sri Lanka. Alikuja kwetu mie nna miaka kumi na tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka, akinifichia chakula nikichelewa skuli. Tukisema naye Kiarabu cha jikoni, maneno mawili matatu: lete, osha, basi. Yakiwa mambo yetu wenyewe, tunahamia Kiswahili. Lugha tuliyotoka nayo Unguja, hapa tukaifanya pazia. Tukimsengenya mgeni mbele ya pua yake huku tunammiminia kahawa. Na Mallika tukimsema vilevile, miaka sita.

Jumapili ya wiki ya harusi simu ikalia, nikapokea mie. Alikuwa rafiki wa Mallika wa kwao, anafanya kazi Maskati. Akanambia binti yake Mallika yu mahututi, anamwita mama yake, na akipata ndege kesho huenda akamkuta. Binti mwenyewe umri wangu, jamani.

Nikaenda jikoni. Mama yangu anachagua mchele, Mallika anakaanga vitunguu. Nikasema kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa, kama ninayeulizia chumvi: "Mama, binti yake huyu yu mahututi. Wanamtaka arudi."

"Masikini!" Mama akaacha mchele. "Mwambie babako ampe paspoti yake." Maana paspoti ya Mallika ilikaa kabatini kwa baba, na ufunguo mfukoni mwake. Ndivyo kila nyumba ilivyofanya.

Na mie, mwanangu, mie niliyelelewa na mikono ile, nikasema: "Ngoja kwanza, mama. Harusi Alkhamisi. Akenda huyu, nani atanishughulikia nguo zangu? Tumwambie Ijumaa."

Mama akanitazama sana. Halafu akasema, "Haya, wiki yako hii," akaurudia mchele wake.

Mallika hakugeuka. Vitunguu vikaungua kidogo, nikamgombeza.

Siku nne zile ndege zilipita juu ya paa kama zinavyopita leo, na kila ikipita alisimama na kitambaa mkononi mpaka sauti ipotee. Nikadhani kachoka. Kila asubuhi alikuja mlangoni kwangu kuuliza, "Unataka kitu, Bi Zuhura?" na nikishamjibu nataka chai tu, bado amesimama. Nikaona ananichelewesha.

Ijumaa nikamwita. Nikaanza kwa Kiarabu, polepole, na uso wa huruma nimeuvaa. Akanikatiza. Kwa Kiswahili, mwanangu! Kiswahili cha kwetu, matamshi ya mama yangu hasa.

"Najua, Bi Zuhura. Nilisikia Jumapili. Nilikuwa nakungoja weye tu, ubadilishe shauri."

Tulipopiga simu, binti alikuwa keshafariki tangu Jumatano. Jumatano ndiyo siku niliyotiwa hina, na bakuli la hina alilishika yeye.

Aliondoka siku ile ile. Nikamshika mkono nikilia, nikamwomba radhi. Akanijibu, "Haya." Haya ile tunayoisema sisi tukiwa hatutaki tena mazungumzo. Nilipoingia chumbani, nikakuta nguo zangu zote kaziacha zimepigwa pasi. Hakurudi tena, na mie hadi leo harusi yangu siwezi kuisimulia.

Basi nnalokuusia ni hili. Khabari ya mtu ni yake, usiikalie kwa ajili ya raha yako hata siku moja. Na neno usiloweza kumwambia mtu usoni, usilivishe lugha nyengine ukalisema mgongoni pake. Anayekupikia miaka yote anakufahamu kuliko unavyojifahamu. Ananyamaza kwa sababu ufunguo wa kabati unao wewe.

Grace ana miaka mitatu na sisi. Jana, ulipokuwa unasema, aliishika sahani yako akasimama nayo kidogo. Weye hukuona. Mie niliona, nimeshawahi kuona.

Inuka, chukua paspoti yake, nenda jikoni sasa hivi ukamwambie usafiri wake ni leo. Mwambie kwa lugha uitakayo. Harusi tutaipikia wenyewe, na wali ukiungua wageni watasamehe. Mungu akuepushe na haya ile niliyoambiwa mie, na amfikishe mtoto wa watu kwa mama yake akiwa bado anafumbua macho. Amin. Nenda, mwanangu.