Ngoma za Ngozi

Dada yangu amenitumia video ya bendi ya kanisa letu ikipita barabarani. Leo Ijumaa sina shifti, kwa hiyo nimeitazama mara tatu hapa chumbani Al Rayyan, kando ya Doha. Sare ni mpya, tarumbeta zinang'aa, na ngoma zote ni za plastiki. Haya, maendeleo.

Yangu ilikuwa ya ngozi ya mbuzi. Kwetu kuna ukungu, kwa hiyo kabla ya gwaride wapiga ngoma tuliwasha moto nyuma ya kanisa na kuzipasha ngoma joto mpaka ngozi ikaze. Jua la Doha lingeifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Niliwahi kuunguza moja, na wapiga tarumbeta wakaniita mchoma nyama mwaka mzima. Mvua ikitukuta njiani, ngoma zililegea na kukoroma kama wazee, tarumbeta zikaendelea bila sisi.

Hizi za plastiki hazilegei. Nimezisikiliza tena nikiwa nimefumba macho, kisha nikampigia dada kumwuliza kama mvua imefika kwetu. Zamani nisingeuliza. Ningesikia.