Sanamu Tatu Nilizozipandisha Bombo

Nimekosa, jamani, tena nimekosa mara mbili. Ukweni wananiita mke mwema, eti mkombozi wa mama mkwe, na kila nikiitwa hivyo natamani ardhi ipasuke niingie. Ninyi hamnijui na mimi siwajui, ndiyo maana naweza kuwaambia. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkitaka kunitukana mnitukane.

Mume wangu ni fundi simu hapa Same mjini. Tuna miaka tisa ya ndoa na hatuna mtoto. Mimba zimekuja tatu na zote zimetoka, na hilo tunalijua mimi, yeye na nesi mmoja basi. Ile ya kwanza ilipotoka nilimshika mkono pale wodini nikamwapisha: mama yako asijue, ndugu zako wasijue. Niliogopa kuitwa mwanamke ambaye tumbo lake halishiki. Ilipotoka ya tatu nikaongeza na jingine, kwamba hata sisi wawili tusilitaje tena ndani ya nyumba hii. Akaitikia kwa kichwa. Hajawahi kulitaja.

Sasa huyu mtu ana ugonjwa wake mmoja. Hanywi, havuti, kanisani anaimba besi, lakini anakusanya sanamu za katuni za Kijapani, zile za anime. Wasichana wa plastiki wenye macho kama sahani, vijana wenye nywele za buluu wameshika mapanga, paka wenye mabawa. Zinajaa kabati zima la kioo kule chumba cha pili. Anaagiza kwa jamaa wa Kariakoo, zinakuja na basi, na yeye anaenda kuzipokea stendi amechomekea shati!

Kila Jumamosi anazifuta moja moja kwa brashi, maana upepo wa Same mnaujua, vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Chini ya kila sanamu amebandika kipande cha tepu nyeupe, ile ile anayobandika kwenye simu za wateja ili zisichanganyike, na juu ya tepu ameandika maneno mawili matatu. "Siku ya matokeo." "Mvua ya Ndungu." "Joeli." Kila moja ina habari yake. Zamani alikuwa ananisimulia, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja huku nachambua mchele.

Shaka iliingia kwa sababu ya kufuli. Siku moja nikakuta kabati limefungwa na ufunguo anao yeye.

"Kufuli la nini tena?" nikamuuliza.

"Watoto wa jirani wanashikashika."

Watoto wa jirani wenyewe wamehamia Moshi! Moyoni nikajiambia, hapa kuna kitu.

Nikaanza kumchunga. Nikagundua kuna siku haendi dukani mapema. Anajifungia chumba cha pili, anakaa kimya, halafu anatoka macho mekundu. Siku moja hakufunga mlango, nikaingia ghafla nikamkuta amekaa kitandani, ameshika kitu kidogo kiganjani. Aliponiona akafumba mkono.

"Nini hicho?"

"Sanamu tu."

Sanamu tu! Mtu mzima anaficha sanamu kwa mkewe? Tangu siku ile hata chai niliyomtengea niliitazama nikijiuliza namtengea nani.

Jumapili moja alichelewa mazoezi ya kwaya, akatoka mbio akaacha ufunguo juu ya meza. Sikungoja hata lango lifungwe. Nilifungua kabati nikapekua mpaka rafu ya juu kabisa, na nyuma huko nikakuta kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Ndani yake sanamu tatu, ndogo kuliko zote. Zile nyingine zote zina macho yale makubwa. Hizi tatu zilikuwa zimefumba macho.

Nikazigeuza. Ya kwanza imeandikwa Eliya. Huyo ni baba mkwe, marehemu. Ya pili, Nakijwa. Huyo ni mama mkwe, yuko hai kule Bombo milimani, ila miguu imemvimba mwaka wa pili sasa. Ya tatu, Zakaria. Baba yangu mzazi, marehemu naye!

Zakaria akaniponyoka akaanguka sakafuni. Nikamwokota, nikafunga kitambaa kama nilivyokikuta, nikarudisha ufunguo mezani. Ibadani siku ile alinitazama kutoka kwenye kwaya akatabasamu, na mimi nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo wachawi wanavyotabasamu.

Nilimweleza shoga yangu mmoja anayeuza vitenge pale karibu na barabara kuu. Hakumaliza hata kunisikiliza.

"Mtu anaandika jina la mama yake mzazi chini ya kidoli kwa kazi gani? Wawili wameshaondoka. Huyo wa tatu anavimba miguu. Wewe unangoja nini, shoga yangu?"

"Labda ni ukumbusho."

"Ukumbusho wa mtu aliye hai? Na kwa nini zimefumba macho?" Akanisogelea sikioni. "Na wewe hujawahi kujiuliza kwa nini huzai?"

Hapo ndipo akili iliponiruka. Sanamu tatu, mimba tatu! Nilihesabu usiku na mchana. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, niliyekosea ni mimi mhesabuji. Nikaamini mume wangu amewatoa kafara wanangu na wazee wetu, na sasa anamsogelea mama yake.

Ningeweza kumuuliza. Swali moja tu, tena jikoni kwangu! Lakini sisi Wapare mnatutania kwamba tukishapata kesi lazima tuifikishe mwisho, na mimi niliona hii ni kesi ya ukoo.

Nafasi ikapatikana tulipoitwa Bombo kujengea kaburi la baba mkwe. Ukoo mzima ulikuwepo. Nilimvizia amelala nikachukua ufunguo, nikatoa zile tatu na nyingine kama sita, nikazilaza ndani ya kapu chini ya vitenge, na mume wangu mwenyewe akanibebea lile kapu mpaka kwenye gari. Aliuliza mbona zito, nikasema ni sukari ya mama.

Kazi ya saruji ilipoisha na watu wameshakula makande, nikasimama mbele ya baba mkubwa, yule anayeshika ukoo tangu baba mkwe afariki.

"Baba mkubwa, shikamoo. Nina jambo la kusema."

"Marahaba, mwanangu. Sema, watu wote ni wa nyumbani."

Nikazipanga sanamu mezani. Baba mkubwa akamnyanyua mwenye nywele za buluu, akamsogeza kwenye miwani.

"Huyu naye amekula nini mpaka nywele zikawa hivi?"

Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa anatazama meza kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani. Nikasema, mnacheka, lakini mwana wenu anafuga vitu hivi, anavifungia kwa kufuli, anavilia machozi. Aeleze mwenyewe ni vya nini.

Akaeleza. Alisimama akavua kofia, akachukua moja baada ya nyingine. Huyu wa nywele za buluu alimnunua alipofaulu chuo, baba yake alimpa hela akanunue viatu, yeye akaja na kidoli, baba akacheka wiki nzima. Huyu wa mwavuli ni wa mwaka alipokwama Ndungu kwa mafuriko, mzee mmoja wa mashamba ya mpunga akamlaza kwake siku mbili bila kumjua, naye akamnunua huyu asimsahau yule mzee. Huyu mwenye paka ni wa Joeli, binamu yake aliyefariki, walikuwa wakitazama anime pamoja kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Mama yake Joeli akaomba aishike. Akaiweka mapajani, akawa anaipapasa kichwa. Baba mkubwa akasema, "Kumbe ni albamu ya picha, ila ina miguu." Watu wakaanza kulegea, na mimi nikaona kesi yangu inateleza.

Nikakitoa kile kitambaa cheupe.

"Na hizi?"

Nikazigeuza, nikasoma majina kwa sauti. Eliya. Nakijwa. Zakaria. Nyumba ikalipuka! Wakaanza kupiga kelele kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, kila mtu lake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka amenyoosha ile miguu yake, akashika kifua.

"Jina langu? Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Mume wangu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, bora angekuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri nikumbuke kitu.

"Sema!" nikamwambia. "Za wengine umesema, kwa hizi umekuwa bubu?"

"Mke wangu, kweli unataka niseme? Hapa?"

"Hapa hapa! Mbele ya mama yako!"

Akafungua mdomo. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akaufunga. Akasema, "Sina la kusema."

Baba mkubwa akamuuliza tena na tena, na jibu likawa hilo hilo. Ukoo ukaamua: atoe mbuzi wa kumwomba mama yake radhi, asiguse chakula wala kinywaji cha mama yake mpaka ukoo ukae tena, na vile vitu vichomwe leo leo.

Hapo ndipo alipopiga magoti, mwanaume mzima. "Mbuzi nitatoa. Lakini msizichome, baba mkubwa. Niruhusuni nizizike."

Alijimaliza! "Mmesikia?" wakapiga kelele. "Kinachozikwa ni mtu!" Na mimi nilikuwa wa kwanza kupaza sauti.

Zilichomwa jikoni kwa mama mkwe, kwenye moto uliopikia makande. Plastiki inanuka vibaya. Watu walitoka nje wameziba pua. Yeye alibaki mlangoni, kofia mkononi, mpaka ya mwisho ikayeyuka.

Tulirudi Same. Asubuhi alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda dukani, na mimi, kwa kiburi changu, nikasema, "Bora nimemwokoa mama."

Akaweka kikombe chini. "Mtoto wa kwanza huku kwetu anaitwa jina la nani?"

"La babu yake mzaa baba, akiwa wa kiume."

"Na wa kike?"

"La bibi yake, mama yake ba..."

Sikumaliza. Jamani, sikumaliza! Eliya. Nakijwa. Halafu upande wa mke, Zakaria. Huo ndio utaratibu wetu, naujua tangu naanza kusema, na mimi mwenyewe jina nililonalo ni la bibi. Kwenye nyumba ile ya Bombo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuelewa majina yale, maana hakuna aliyejua kuna watoto. Niliyepaswa kuelewa ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyeyasoma kwa sauti.

"Uliniambia tusiwataje," akasema. "Nikaona angalau wawe na majina."

Akanyanyuka akaenda dukani.

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ndilo linaloniua, kwa sababu bado nalitenda mpaka leo.

Sijawaambia. Mwaka umepita! Nikitamka ukweli, mama mkwe atajua mimba zilitoka tatu, na ukoo utajua, na lile jina la tumbo lisiloshika nililolikimbia miaka yote litanikuta. Basi nanyamaza, na mume wangu anabaki mchawi. Alikuwa akipanda Bombo kila mwezi kumkanda mama miguu. Sasa mama hapokei hata simu yake. Kanisani habari zilifika, akaacha kwaya kabla hawajamwambia aache. Kabati ameliuza, na sanamu zilizobaki sijui kazipeleka wapi. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole tu kwamba hazina habari yoyote tena.

Na hajanitolea siri. Mpaka leo anakilinda kile kiapo cha wodini, na mimi nimejificha ndani yake.

Wewe unayemchunga mwenzio, unayepekua mifuko na kugeuza vitu vyake chini juu, nakuomba umuulize. Muulize kabla hujamuuliza shoga, kabla hujapandisha mambo ya chumbani kwenye kikao cha ukoo. Akisema "sanamu tu", kaa karibu naye, muulize tena taratibu. Na kama kuna jambo ulimkataza asilitaje, anza na hilo, maana huenda ndilo analolilia.

Desemba ukoo unakaa tena Bombo. Kila asubuhi naapa nitasimama niseme, na jioni nakuwa nimeshapata sababu ya kunyamaza.

Kila mwezi mama mkwe hunitumia kapu kwa gari la Bombo: tangawizi, ndizi, maharage, na ujumbe kwamba ni langu peke yangu, mwanawe asionje. La mwezi huu limefika jana. Mume wangu ndiye aliyelifuata stendi, akalibeba mpaka nyumbani, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kunawa mikono.