Kitambaa cha Kompyuta

Nyumbani kwetu Mkunazini kila chenye thamani kilifunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, friji chake, na ile kompyuta kuukuu aliyotuletea mjomba kutoka Maskati mama aliifumia kikubwa kuliko vyote. Hakuwa mjinga. Nyumba zetu za mawe zinamwaga chokaa kutwa kucha. Ukiacha chai wazi, unakunywa dari.

Nilikuwa nikigombana naye kila mara. "Mama, ikiwaka kivue. Inataka hewa."

"Na chokaa ikiingia jee? Kwani wewe ukiona joto unavua nguo barazani?"

Mama yangu humshindi kwa maneno. Nilimwachia, na pia kwa sababu kompyuta haikuwa yangu wala yake. Ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, na yeye tulishamzika. Alizoea kujirekodi humo akifanya mazoezi ya kasida, akikosea, akicheka, akianza upya. Sauti yake haikuwepo pahala pengine popote. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama alivuta kiti akamsikiliza, na kitambaa kimening'inia nyuma, kimeziba feni.

Ijumaa moja kasida ilikatika katikati ya ubeti. Chumba kikanuka kuungua.

"Imekufa?" mama akauliza.

"Haijafa. Umeme haufiki tu."

Nilibadilisha fyuzi ya plagi, nikabadilisha waya, nikaihamishia soketi ya jikoni. Kimya. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Pawa saplai, kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme ndani, feni yake ilikuwa imeganda kwa chokaa na nyuzi za kitambaa. Nilikitoa, nikaunganisha waya wake wa kijani na mweusi ili kukijaribu peke yake. Feni haikutikisika. Nilifurahi, Mungu anisamehe, maana kisanduku kinanunuliwa, na mdogo wangu alikuwa kwenye diski inakokaa sauti, si humo.

Nilipata kingine sokoni Darajani, kimeshatumika lakini kizima. Nilipowasha, feni ikazunguka, taa ikawaka. Mama akasema Alhamdulillahi, akavuta kiti chake.

Kisha diski ikaanza kugonga. Tak, tak, tak. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha na waya wa diski. Ikagonga vile vile. Kisanduku cha kwanza hakikufa peke yake. Kilipoungua kilipeleka umeme mkali mpaka ndani.

Nilichukia. Nilikichukia kitambaa, nikaichukia chokaa, nikauchukia umeme wetu wa kupanda na kushuka, na kwa muda mfupi nilimchukia hata mama, aliyekaa ameinamisha kichwa kama kila Ijumaa.

"Mbona haanzi?"

"Haanzi tena, mama. Diski nayo imeungua."

Mama akanyanyuka, akakiokota kitambaa sakafuni, akakikung'uta chokaa dirishani. Akarudi nacho mkononi, akasimama ananitazama.

"Sasa nnaweza kuifunika?"

"Ifunike, mama," nikamwambia.