Ukuta wa Mbao Uliozuia Mto Thames

Mama ndiye aliyenituma London. Kaka yangu Haroub alihama Unguja miezi michache baada ya Mapinduzi, bila kumuaga, na kwa miaka kumi na tano barua zake zilikuwa fupi kama telegramu.

"Kamuangalie kwa macho yako," mama aliniambia. "Kisha umuulize kwa nini hakuniaga."

Alhamisi asubuhi Haroub alinipokea uwanja wa ndege. Alikuwa ameota mvi. Tulikwenda chumbani kwake Tooting, tukala wali na samaki, tukaulizana habari za jamaa wote, isipokuwa mama.

"Kesho nitakuonesha kitu saiti kwetu, tunapojenga," alisema. "Wewe seremala, utakielewa kuliko mimi."

Ijumaa tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi karibu na mto. Walikuwa wakichimba msingi wa jengo, wakakuta ukuta wa mbao uliojengwa na Warumi kuzuia maji ya mto yasipande. Ulikuwa na karibu miaka elfu mbili. Saa sita mchana ungefunikwa kwa zege.

Msimamizi alinipa buti na kofia ngumu, tukashuka ngazi. Shimoni, mama mmoja wa Kiingereza, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa akichora haraka haraka. Mbao zilikuwa nyeusi, pana, zimeingiliana bila msumari hata mmoja. Haroub akanitafsiria maelezo yake: tope bichi lilizinyima hewa, ndiyo maana hazikuoza.

Nikapiga magoti, nikapapasa alama za tezo, kishoka cha kuchongea mbao. Zote zililalia upande niliouzoea.

"Mwambie mtaalamu kwamba fundi aliyezichonga alikuwa mashoto, kama mimi."

Yule mama aliacha kuchora, akazitazama upya, akaandika. Haroub akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Nikaona nisipouliza pale sitauliza tena.

"Kaka, mama anauliza kwa nini hukumuaga."

Alivua kofia, akaifuta tope ambalo halikuwapo.

"Nilifika mlangoni kwake alfajiri ile. Alikuwa anaswali. Gari linanisubiri njiani. Ningemngoja amalize, akanitazama, nisingeondoka."

Saa sita, waliokuwa juu walituamuru tupande. Zege likamiminwa, na ule ukuta ukapotea. Haroub hakurudi kazini siku ile. Tulikwenda kuswali Ijumaa, kisha tukatembea kando ya mto mpaka miguu ikauma, akiniuliza habari za mama: anaona vizuri? Bado anashona?

Wiki mbili baadaye nilirudi Unguja. Nilimweleza mama habari za mbao na za yule fundi mashoto, akasikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye jibu la Haroub, aliweka sindano chini.

"Nilimsikia," alisema. "Nilirefusha sijda makusudi. Nilidhani atangoja."

Akanitaka nichukue karatasi, nimwandikie hivyo hivyo, nisipunguze neno.